Budalang'i, nchi ya matairi matatu

Msomaji anayefunga safari kutoka mjini Busia kuelekea Budalang'i hahitaji ramani ili ajue amefika wapi. Atazame chini tu. Mjini, karibu na lango la kuvukia mpaka, ardhi ni lami iliyong'arishwa na malori ya mizigo yaendayo Uganda. Akishika njia ya kusini na kukaribia vilima vya Samia, ardhi inakuwa nyekundu na yenye mawe. Si ajabu, kwani Wasamia walisifika tangu jadi kwa kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe. Akishaviacha vilima hivyo nyuma, nchi inalala tambarare hadi Ziwa Victoria na udongo unageuka kuwa mweusi. Hapo ndipo Bunyala, ambako wengi wetu twakujua kwa jina la Budalang'i.

Lami, changarawe na udongo mweusi. Safari ni moja lakini ardhi ni tatu. Mwenye gari hazisikii sana tofauti hizo. Mwenye baiskeli huzisikia mikononi, kiunoni na mwishowe mfukoni, kwa maana tairi linalokimbia vizuri mjini laweza kumwangusha chini, yeye na mzigo wake, kabla hajafika Port Victoria.

Katika sehemu hizi tairi si pambo. Samaki aliyevuliwa alfajiri hangoji. Jua likichomoza naye huanza kuharibika. Mgonjwa naye hangoji. Ndiyo maana jambo ambalo kwa mtu wa Nairobi ni la mchezo wa Jumamosi, yaani kuchagua tairi la baiskeli kufuatana na majira, huku ni jambo la riziki.

Nyumbani kwa boda boda

Hatuwezi kuzungumzia baiskeli katika Kaunti ya Busia bila kukumbuka kwamba hapa ndipo jina la boda boda lilipozaliwa. Mnamo miaka ya 1960, vituo vya forodha vya Kenya na Uganda mjini Busia vilikuwa vimetengana kwa mwendo uliozidi nusu maili. Abiria aliyeshuka kwenye basi upande mmoja alilazimika kuukata mwendo huo kwa miguu, mizigo kichwani, jua likimpiga utosini. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki hapo. Wakafunga mto laini juu ya karia, wakaanza kuwabeba watu kutoka mpaka hadi mpaka, huku wakiita kwa Kiingereza kilicholainishwa na ulimi wa nyumbani: "Boda! Boda!" Malaba nako, kwenye mpaka wa kaskazini, kazi hiyo ilishika mizizi. Baadaye jina likasafiri hadi Kisumu, Kampala, Nairobi na kwingineko, hata leo watu wanalitumia bila kujua kwamba lina kwao.

Mambo yamebadilika. Mwaka wa 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na vijana wengi wakaiacha pedali wakashika mtambo wa petroli. Mwezi Februari 2018, marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Hata hivyo baiskeli haijafa. Ukitoka kwenye barabara kubwa ukaingia vijia vya Bunyala, utaikuta ikibeba mitungi ya maji, magunia ya mahindi, mpunga, omena na watoto wa shule.

Nyingi ya baiskeli hizo ni zile nyeusi, ndefu na nzito ambazo Wakenya tumezipa jina la Black Mamba. Umbo lake lilibuniwa Uingereza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kisha viwanda vya India na China vikaliendeleza. Magurudumu yake ni makubwa, na tairi lake huandikwa 28 x 1½. Pamoja nazo siku hizi kuna baiskeli za milimani zenye matairi manene, nyingi zikiingia nchini zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Hapo ndipo swali linapomkabili mnunuzi: tairi lipi lifae wapi, na wakati gani?

Ardhi ya kwanza: lami

Kwenye lami, tairi laini lisilo na meno mengi, lililojazwa upepo barabara, ndilo linalokwenda kwa wepesi. Watu wengi hudhani kwamba mvua ikinyesha, lami hudai tairi lenye meno makubwa kama la trekta. Sivyo. Meno ni ya kuuma kitu kilaini, nayo lami hailainiki. Gari huweza kuteleza juu ya maji kwa sababu tairi lake ni pana na mwendo wake ni wa kasi, lakini baiskeli ina tairi jembamba la duara ambalo huyakata maji na kuyasukuma kando. Tairi la meno marefu likipita kwenye lami huvuma, humchosha mwendeshaji na huisha upesi. Mwendeshaji akikata kona kwa kasi, meno hayo hujikunja na kumpunguzia uthabiti.

Hatari ya mvua mjini haimo kwenye tairi sana bali kwenye breki. Black Mamba ina rimu za chuma, na raba za breki zikikutana na chuma kilicholowa hazishiki upesi. Anayeshuka mteremko akiwa na abiria wakati wa mvua na aanze kufunga breki mapema, aikaushe rimu kidogo kidogo, asingoje hadi aone matako ya lori.

Ardhi ya pili: changarawe

Njia nyekundu ya changarawe ina tabia mbili. Wakati wa kiangazi vijiwe vidogo huviringika chini ya gurudumu kama punje za mahindi sakafuni. Wakati wa mvua sehemu ya juu huteleza lakini chini yake kuna ardhi ngumu. Hapa tairi la upana wa wastani lenye meno mafupi yaliyokaribiana ndilo linalofaa. Baiskeli ya milimani yenye tairi la 26 x 1.95 hujionea raha hapa, na wala Black Mamba haiaibiki.

Adui mkubwa wa changarawe ni pancha. Mawe yenye ncha hukata ubavu wa tairi, na miiba inayoachwa njiani watu wanapofyeka ua wa shamba hungoja tyubu kwa subira. Mafundi wa kwetu wana dawa ya zamani: tairi lililoisha hukatwa kingo zake, kisha hulazwa ndani ya tairi zima, kati yake na tyubu. Baiskeli huwa nzito kidogo, lakini mwiba hukutana na ngozi mbili badala ya moja. Tairi lililopasuka ubavuni hushonwa kwa uzi mnene, likaendelea kutumika. Na tyubu iliyojaa viraka hadi haina nafasi ya kiraka kingine hukatwa iwe kamba za kufungia mizigo. Usiache mbachao kwa msala upitao, walinena wahenga.

Ardhi ya tatu: udongo mweusi

Sasa tumefika penyewe. Tambarare ya Bunyala imejengwa na mto Nzoia, ambao huanza mbali katika vilima vya Cherangani, hupokea maji ya Mlima Elgon wenye urefu wa mita 4,321, na kusafiri takriban kilomita 250 kabla ya kuingia ziwani. Kila mafuriko ya karne zilizopita yaliacha tabaka jipya la udongo laini. Ndiyo sababu mahindi, mpunga na mboga husitawi hapa, na ndiyo sababu magurudumu hukwama.

Udongo huu mweusi hunywa maji ukavimba, na ukikauka hunywea ukapasuka. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hunata kama ugali usioiva. Gurudumu likizunguka mara kumi, huwa limevaa kiatu cha matope. Likizunguka mara ishirini, matope hujaa kati ya tairi na madigadi, kisha baiskeli husimama yenyewe kana kwamba mtu ameishika kwa nyuma.

Wengi hukimbilia kununua tairi nene wakidhani unene ni dawa ya matope. Tairi nene hujaza nafasi yote iliyopo kati ya uma na gurudumu, na matope hayapati pa kutokea. Kwa udongo unaonata, tairi jembamba kiasi, lenye meno marefu yaliyoachana, ni afadhali. Wembamba hulisaidia kukata tope la juu na kufikia ardhi ngumu iliyo chini, na mwanya kati ya meno huruhusu tope kujibandua gurudumu linapozunguka. Madigadi nayo huondolewa hadi mvua ziishe, au mwendeshaji hubeba kijiti cha kuchokolea. Mahali ambapo tope halina mwisho, lakini, hakuna tairi duniani litakalokusaidia. Hapo ni kushuka na kuibeba baiskeli begani, au kuipakia kwenye mtumbwi.

Kiangazi nacho kina mtego wake. Udongo ukikauka hupasuka, na nyufa zake huweza kuwa pana kuliko tairi la baiskeli. Ufa unaokwenda sambamba na njia hulimeza gurudumu la mbele na kumtupa mwendeshaji. Wakati huo tairi nene ndilo rafiki. Ni rafiki pia kwenye mchanga wa ufuoni, ambako tairi jembamba huzama na lile pana huelea. Kwa hiyo mtu yule yule, katika njia ile ile, angehitaji tairi jembamba mwezi Aprili na nene mwezi Januari.

Soma namba ubavuni

Si kila mtu ana fedha za kuweka jozi mbili za matairi nyumbani, lakini aliye nazo au anayenunua moja tu na ajifunze kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Hapo ndipo wengi hupoteza fedha. Tairi lililoandikwa 28 haliingii kwenye kila rimu ya 28. Tairi la Black Mamba la 28 x 1½ hukalia rimu ya kipenyo cha milimita 635. Kuna matairi mengine yanayoitwa 28 yanayokalia rimu ya milimita 622, ambayo ndiyo pia ya baiskeli za milimani ziitwazo 29. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi dogo halitapanda rimu kubwa hata ulivute kwa vijiko vyote vya jikoni, na tairi kubwa litachomoka kwenye rimu ndogo.

Dawa ni kutafuta namba mbili zilizotenganishwa kwa kistari. Kwa mfano, 40-635 maana yake ni upana wa milimita 40 na rimu ya milimita 635. Tairi la kawaida la baiskeli ya milimani ya inchi 26 litaandikwa 50-559 au namba iliyo karibu na hiyo. Namba ya pili sharti ilingane kabisa na rimu yako. Namba ya kwanza ndiyo unayoweza kuichezea kufuatana na majira, mradi uma una nafasi.

Ukinunua tairi lililotumika, likunje kidogo. Likionyesha nyufa ndogo ndogo ubavuni kama udongo wa Januari, raba imezeeka, hata kama meno yake yangali marefu. Na ukiwa na tairi moja zuri na moja bovu, zuri liweke mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, unaweza kuikamata baiskeli. La mbele likiteleza, utaikamata ardhi.

Upepo ni wa bure

Aliye na jozi moja tu bado ana njia, nayo haigharimu hata shilingi. Ni upepo. Mzigo unaolala juu ya gurudumu hugawanywa kwa nguvu ya upepo ulio ndani, na jibu lake ndilo eneo la tairi linalokanyaga ardhi. Tuseme gurudumu la nyuma limebeba kilo 90, yaani karibu pauni 200. Ukijaza upepo wa pauni 50 kwa inchi ya mraba, tairi litakanyaga inchi 4 hivi za mraba. Ukipunguza hadi pauni 25, litakanyaga inchi 8. Umelipanua tairi lako maradufu bila kwenda dukani.

Basi ukitoka kwenye lami kuingia mchangani au kwenye changarawe iliyolegea, punguza kidogo. Ukirudi kwenye lami, jaza. Usipunguze mno ukiwa na abiria au gunia, kwani ukigonga jiwe tyubu itabanwa dhidi ya rimu na kutoboka matundu mawili pacha kama meno ya nyoka. Kipimo cha wengi ni dole gumba: tairi linapaswa kuingia kidogo tu ukilibonyeza kwa nguvu.

Wenzetu wa theluji

Wako Waafrika Mashariki wengi Ulaya na Marekani ambao huendesha baiskeli wakati wa baridi, na huenda ndugu mmoja akakutumia tairi lililoandikwa kwamba ni la majira ya baridi. Kabla ya kushukuru, uliza ni baridi ya wapi. Mjini Oulu, kaskazini mwa Finland, watu huendesha baiskeli mwaka mzima, na mwaka wa 2013 mji huo uliandaa mkutano wa kimataifa wa wapenda baiskeli wa majira ya baridi. Kule barafu ni ngumu kama kioo, hivyo hutumia matairi yaliyopachikwa vijino vya chuma vya kuichoma. Alaska ina theluji laini ya kina kirefu, nako hutumia matairi yanayozidi upana wa inchi 4, yenye upepo mdogo sana. Uingereza, ambako baridi huja na mvua zaidi ya theluji, tairi la majira hayo mara nyingi ni lile jembamba la meno yaliyoachana, la kukata matope.

Tairi la Oulu halina kazi Busia ila kupiga kelele kwenye lami. La Alaska lingefurahia mchanga wa ziwa letu, kama uma wa baiskeli ungelikubali. Na la Uingereza lingejisikia nyumbani Budalang'i mwezi Aprili. Jina la majira halitoshi. Ardhi ndiyo ya kutazamwa.

Barabara ambayo pia ni ukuta

Kuna mahali pamoja Budalang'i ambapo shauri letu lote kuhusu matope hugeuka. Ni juu ya matuta ya kuzuia maji ya mto Nzoia, ambayo wenyeji huyaita daiki. Yalijengwa katika miaka ya 1970 na 1980 na yamekarabatiwa mara kadhaa. Kwa kuwa yameinuka, ndiyo njia kavu wakati mashamba yamefunikwa na maji. Watu hupita juu yake, ng'ombe hupita, na mafuriko yanapozidi, familia zilizohamishwa hupiga hema zao huko.

Lakini daiki ni udongo. Mwaka wa 2003 matuta yalivunjika, maelfu ya watu wakakimbia makwao. Yakavunjika tena 2007 na 2008. Maji hayo mara nyingi hutokana na mvua iliyonyesha mbali milimani, kwa hiyo mtu wa Bunyala anaweza kuhamishwa na mafuriko chini ya mbingu isiyo na wingu. Ziwa nalo halikai tuli. Mwezi Mei 2020 lilivuka kiwango cha mwaka wa 1964 ambacho kilikuwa hakijapata kufikiwa, na mwaka wa 2024 likapanda zaidi ya hapo. Nyumba, mashamba na vijia vya ufuoni vilimezwa.

Wahandisi wa matuta popote duniani hulalamikia jambo moja: njia zinazochimbika juu ya tuta. Mfereji mdogo uliochorwa na magurudumu hukusanya maji ya mvua, maji huuchimba zaidi, na mto unapojaa hutafuta mahali palipo chini kuliko pengine. Sasa fikiria lile tairi jembamba tulilolisifu, lililojaa upepo, limebeba gunia la samaki juu ya daiki iliyolowa. Sifa yake ni kukata udongo. Ni sifa njema shambani, ila juu ya daiki inakata ukuta unaolinda nyumba ya mwenyewe.

Hapa hatuna haki ya kumlaumu mchuuzi. Ana samaki wanaooza na njia moja tu iliyo juu ya maji. Hata hivyo yapo anayoweza kuyafanya. Apunguze upepo kidogo ili tairi likanyage kwa upana. Asipite katika mfuo ule ule uliochimbwa na wenzake. Na mvua inaponyesha, akiweza, angoje saa chache udongo unywee. Pikipiki, ambayo ni nzito zaidi na gurudumu lake husukumwa na mtambo, huchimba kuliko baiskeli, na mwenye pikipiki na azingatie zaidi. Viongozi nao wana lao: tuta linalotumiwa na watu kama barabara lafaa kuwekewa changarawe juu na njia maalumu za kupandia na kushukia. Kuwakataza watu kupita bila kuwapa njia nyingine ni kazi bure.

Ukitaka kuzuru

Msomaji anayetamani kuiona nchi hii kwa baiskeli achague Januari au Februari, njia zikiwa kavu. Atapita penye mashamba ya mpunga, atafika kwenye mikokoteni na mitumbwi ya Port Victoria, na akibahatika atakula mbuta au kamongo, samaki yule ambaye kiangazi hujizika matopeni akingoja mvua. Tairi la upana wa wastani, la meno mafupi, litamtosha safari nzima. Abebe pampu, viraka na solusheni, pamoja na kipande cha tairi kuukuu cha kuzibia mpasuko.

Atakayekwenda wakati wa masika asiulize umbali, aulize udongo. Asimame mahali boda boda wanapongojea wateja kabla ya kuingia tambarare, awasalimu vizuri, kisha awaulize njia ipi imekauka na ipi imechukuliwa na maji. Kisha atazame matairi yao. Kama wameondoa madigadi, naye aondoe zake. Kama wamezifunga baiskeli na kukaa kivulini, basi naye atafute kivuli, aagize chai, angoje.